Vihisi vidogo ndani ya seli ya haidrojeni ya 25 cm²: niviweke wapi, na nyaya zitoke vipi bila gesi kuvuja?

BambaGrafiti

Wakuu, salaam. Nina seli moja ya mafuta (fuel cell) inayotumia haidrojeni na hewa kutengeneza umeme, ya aina ya utando, eneo la kazi 25 cm² (5 × 5 cm). Utando ni Nafion 212 (plastiki inayopitisha protoni). Kila upande una karatasi ya kaboni ya maikromita 235 hivi. Mabamba ni ya grafiti, na kila moja lina mifereji mitatu sambamba inayojipinda kama nyoka. Kila mfereji una upana wa 1 mm na kina cha 1 mm, na ukuta kati ya mfereji na mfereji ni 1 mm.

Seli naiendesha kwa 70 °C, na joto hilo linapimwa na thamokapo (kihisi cha joto cha waya za metali mbili) iliyochomekwa kwenye tundu la bamba la nje. Gesi zote mbili zinapita kwenye chupa za maji ya moto zilizowekwa 65 °C. Haidrojeni ni 210 mL kwa dakika, hewa 665 mL kwa dakika, na upande wa kutokea uko wazi, hauna presha ya ziada.

Nikivuta 20 A volteji inaanza 0.62 V. Baada ya dakika kumi na tano hivi inashuka hadi 0.55 V, kisha inaanza kupanda na kushuka yenyewe. Thamokapo ya nje inasoma 70 muda wote kana kwamba hakuna kinachotokea. Siwezi kujua kama ndani maji yamejaa au utando unakauka.

Nilizonazo ni thamokapo za aina ya K zenye ganda la chuma la 0.5 mm, na vihisi vya unyevu vya SHT40. Niviweke wapi ili vinionyeshe ukweli? Na nyaya nizitoe vipi bila kuvujisha gesi wala kupiga shoti kati ya mabamba? Natanguliza shukrani.

MfuatiliaMaji

Mkuu, kabla hujatoboa bamba piga hesabu ya maji, kwa sababu yenyewe itakuambia kihisi cha unyevu kina kazi wapi na wapi hakina.

Hewa yako inaingia ikiwa na presha ya mvuke ya 25 kPa, yaani ile ya maji ya 65 °C. Ndani ya seli, kwa 70 °C, hewa inaweza kubeba hadi 31.2 kPa. Kwa hiyo unaingiza hewa yenye unyevu wa 80%. Seli inayotoa 20 A inatengeneza maji 6.7 g kwa saa (kila ampea moja ni 0.336 g kwa saa), na papo hapo inakula oksijeni, hivyo hewa ya kubeba mvuke inazidi kupungua kadiri inavyosonga mbele. Ukiyaweka pamoja hayo, na ukiyaacha kando maji machache yanayovuka utando kwenda anodi (upande wa haidrojeni), hewa inafika 100% ikiwa imekwenda kama 45% ya njia. Njia yako ina urefu wa takriban 42 cm, kwa hiyo ni kama 19 cm tangu mlango wa kuingilia. Kuanzia hapo kila tone linalozalishwa linabaki maji. Mpaka mlango wa kutokea unakuwa na maji kama 4.5 g kwa saa yanayosukumwa na hewa peke yake.

Maana yake ni kwamba SHT40 ukiiweka nusu ya pili ya njia itasoma 100% asubuhi mpaka jioni, seli ikiwa nzima au mbovu. Haitakufundisha kitu. Unyevu upime nusu ya kwanza. Nusu ya pili pima joto na presha.

Tena kuna vipimo viwili ambavyo havihitaji kufungua seli, na ningeanza navyo.

Cha kwanza ni tofauti ya presha ya hewa kati ya kuingia na kutoka. Kihisi cha 0–10 kPa kinatosha kabisa. Kwa mifereji yako mitatu na mtiririko huo, tegemea kama 1.5 kPa mifereji ikiwa wazi. Mmoja ukizibwa na maji, hewa yote inapita kwenye miwili iliyobaki, na tofauti inakuwa mara 1.5 ya ile ya mwanzo, yaani karibu 2.25 kPa. Ni ishara ambayo huwezi kuikosa.

Cha pili ni ukinzani wa seli kwa umeme wa kupishana wa 1 kHz. Zile mita ndogo za kupimia ukinzani wa ndani wa betri, zenye waya nne, zinafanya kazi hii. Waya za kupimia volteji zishike kwenye grafiti yenyewe, zisishike kwenye nyaya za mzigo. Nafion 212 iliyolowa vizuri, pamoja na migusano ya mabamba, inakupa kama 80 mΩ·cm², ambayo kwa 25 cm² ni 3.2 mΩ. Ikifika 5 au 6 mΩ, utando unakauka.

Sasa soma viwili hivyo kwa pamoja. Volteji ikishuka, presha ikapanda, na ukinzani ukabaki pale pale, ni maji. Volteji ikishuka, ukinzani ukapanda, na presha ikatulia, ni ukavu. Na hata bila kifaa chochote: ongeza hewa hadi 1,300 mL kwa dakika kwa sekunde kumi tu. Volteji ikiruka juu mara moja kisha ikashuka taratibu, kathodi (upande wa hewa) ilikuwa na maji. Isipobadilika, fanya hivyo hivyo upande wa haidrojeni, maana mtiririko wa anodi ni mdogo na hauna nguvu ya kusukuma matone.

FundiThamokapo

Nakubaliana na mkuu hapo juu. Mimi niseme kuhusu joto na namna ya kutoa nyaya, maana hapo ndipo seli nyingi zinapoharibikia.

Kwanza, hiyo ya 0.5 mm iache. Kwenye mfereji wa 1 mm × 1 mm inakula sehemu ya tano ya nafasi, na mbaya zaidi inaacha mwanya mwembamba kati yake na ukuta ambao maji yanapenda kung'ang'ania. Utakuwa umeweka kizuizi, kisha unapima mafuriko uliyoyasababisha mwenyewe. Tafuta waya za thamokapo za maikromita 50 hadi 80, kiungo kikiwa kimeyeyushwa kuwa kitone kidogo kisichozidi maikromita 150.

Pili, fikiria unataka kuona nini. Kwa 0.62 V na 0.8 A/cm², joto linalozalishwa ni kama 0.5 W kwa kila cm² maji yakitoka kama mvuke, na karibu 0.7 W yote yakiwa maji. Joto hilo linazaliwa kwenye tabaka la kichocheo (platini inayochochea mmenyuko) la kathodi na inabidi lipite karatasi ya kaboni ndipo lifike kwenye bamba. Tofauti kati ya kichocheo na bamba ni digrii chache tu, mbili hadi tano hivi. Thamokapo ya K ya daraja la kwanza inaruhusiwa kukosea digrii 1.5, kwa hiyo nusu ya unachokitafuta inaweza kuwa kosa la waya. Aina ya T ya daraja la kwanza inaruhusiwa 0.5 na ni bora hapa. Kwa vyovyote vile zifunge zote pamoja kwa uzi, zitumbukize kwenye beseni moja la maji yanayokorogwa, na zisome kwa 60, 70 na 80 °C dhidi ya kipimajoto kimoja unachokiamini. Andika tofauti ya kila moja na uiondoe kwenye usomaji. Usiruke hatua hii.

Tatu, chuma tupu kisiguse utando wala maji yake. Utando ni asidi kali. Aina ya K inaachia nikeli na kromu, aina ya T inaachia shaba, na ioni hizo zinakaa kwenye nafasi za protoni ndani ya utando na haziondoki kwa kusuuza na maji. Ukinzani unapanda siku hadi siku, na wewe unadhani ni ukavu. Paka parilini (plastiki nyembamba ya kufunika) ya maikromita 5 hadi 10 kuanzia kwenye kiungo hadi nje ya gasketi. Tabaka hilo pia linatenga umeme, na hili ni kubwa: thamokapo ya K kwa 70 °C inatoa 2.85 mV tu, wakati bamba la seli lina volti 0.6, zaidi ya mara mia mbili. Kiungo kikigusa grafiti na kisomaji chako hakijatengwa na ardhi, unapata namba za ajabu au hitilafu. Chipu ya kusomea thamokapo ya MAX31855 kwa mfano itakuambia kuna shoti kwenda ardhini na kukataa kusoma. Baada ya kufunga seli, pima kwa mita kati ya waya na bamba. Ukipata chini ya megaohmu, fungua, tabaka limechubuka.

Nne, waya ulale ndani ya mfereji kwa urefu wa angalau 10 mm kabla ya kutoka nje. Ukiuingiza moja kwa moja kutoka pembeni, unaleta baridi ya nje hadi kwenye kiungo na kusoma digrii moja au mbili pungufu.

Kuhusu kutoka nje: gasketi laini ya silikoni ya maikromita 200 inaufumbata waya wa maikromita 50 wenyewe. Gasketi ngumu ya PTFE (tefloni) haifumbati. Hiyo ichane kwa wembe mahali pa waya na uzibe kwa gundi ya epoksi kidogo sana. Usitumie silikoni ya kubandikia ya mabomba, ile yenye harufu ya siki. Mvuke wake unaharibu kihisi cha unyevu na hauna faida kwa kichocheo. Nyaya zitoke mahali tofauti tofauti, zisipande moja juu ya nyingine, maana kilima kidogo kwenye gasketi kinabana karatasi ya kaboni upande mmoja na kuilegeza upande wa pili.

Ukishafunga, jaza naitrojeni hadi 50 kPa juu ya hewa ya kawaida pande zote mbili, funga vali, subiri dakika kumi huku unapaka maji ya sabuni kwenye kingo. Kisha toa presha upande wa kathodi, bakisha ya anodi, na tumbukiza bomba la kutokea la kathodi kwenye glasi ya maji. Kiputo kimoja baada ya muda mrefu kinavumilika. Viputo vinavyofuatana vina maana waya umetoboa utando. Hapo usiwashe haidrojeni. Inashika moto ikiwa kati ya 4% na 75% kwenye hewa, na kichocheo cha platini ndani ya seli kinatosha kuiwasha.

UnyevuKamili

Naongeza kuhusu SHT40. Ina 1.5 × 1.5 mm kwa unene wa 0.5 mm, kwa hiyo ndani ya mfereji wa 1 mm haiingii. Chonga kimfuko cha 2 × 2 mm nyuma ya mfereji, kina cha 1 mm, kinachofunguka kwenye mfereji wenyewe. Usikifanye kikubwa zaidi. Hewa iliyokwama humo inachelewesha usomaji, na matone yakiingia hayatoki. Kimfuko kiwe upande wa juu wa mfereji seli ikiwa imesimama, ili maji yasitiririkie humo.

Isome mara moja kwa sekunde, isizidi. Kihisi chenyewe kinapasha joto kidogo kila kinaposoma, na kwa 70 °C kosa la digrii moja linakupotezea kama asilimia nne za unyevu: hewa ya 90% itasomwa 86%. Ndiyo maana usichukue unyevu bila joto la kihisi chenyewe. Badili vyote viwili kuwa presha ya mvuke, kisha gawa kwa presha ya mvuke ya joto la gesi lililopimwa na thamokapo ya jirani. Hiyo ndiyo namba ya kuilinganisha na hesabu ya MfuatiliaMaji.

Miguu ya chipu paka vanishi ya saketi, tundu la juu liache wazi. Ukiiacha miguu tupu kwenye unyevu huo, volti 3.3 zinahamisha chuma kutoka mguu hadi mguu na ndani ya siku chache mawasiliano yanakatika. SHT40 ina hita ndani yake, nzuri kwa kukausha tone lililotua juu ya kihisi. Itumie kathodi tu, kwa sekunde moja, na usiamini usomaji mpaka joto lirudi pale lilipokuwa. Upande wa haidrojeni usiiwashe kabisa.

Pia jua kwamba vihisi hivi vikikaa muda mrefu juu ya 80% vinasogea juu kwa asilimia chache na kurudi polepole vikikaushwa. Linganisha upya kila baada ya jaribio refu.

BambaGrafiti

Asanteni sana wakuu. Nimefunga kihisi cha presha na kupima ukinzani. Tofauti ya presha inaanza 1.5 kPa, inapanda taratibu hadi 2.3, kisha inaanguka ghafla na kuanza tena, kila baada ya dakika nne hivi. Ukinzani ni 3.4 mΩ na haubadiliki. Volteji inapanda kila presha inapoanguka.

Swali la nyongeza: nimesoma kuhusu vihisi vya faiba vyenye gridi ya Bragg, na vile vya filamu nyembamba. Vinafaa kuliko waya?

Faiba125

Faiba ina mambo mawili ambayo waya hauna: haipitishi umeme na haiachii ioni. Glasi tupu ni maikromita 125, na ikiwa na tabaka la poliimidi (plastiki inayostahimili joto) inafika kama 155. Gridi ni mistari midogo ndani ya glasi inayorudisha rangi moja tu ya mwanga; iliyoandikwa kwa 1550 nm, rangi hiyo inasogea kama pikomita 10 kwa kila digrii. Kwenye faiba moja unaweza kuwa na gridi tano au sita zenye rangi tofauti za mwanga, mfano kuanzia 1530 kwa kuachana nm 5, kwa hiyo njia moja ya kutokea inakupa vituo sita. Poliimidi inavimba kwa unyevu na kuivuta gridi. Ukiweka gridi moja yenye poliimidi na nyingine tupu jirani yake, tupu inakupa joto na tofauti kati yao inakupa unyevu.

Ugumu wake ni mvuto. Gridi inasogea pia ikivutwa, pikomita 1.2 kwa kila sehemu moja ya milioni ya urefu, kwa hiyo mvuto mdogo wa sehemu nane za milioni unaonekana kama digrii nzima. Ukiibana faiba chini ya ukuta wa bamba, unapima boti zako zilivyokazwa. Ilaze kwenye mfereji au kwenye kijia kilichochongwa, gundisha upande mmoja tu, upande wa pili uwe huru. Halafu haipindi kona ya mfereji wako. Faiba ya kawaida inataka mpindo wenye nusu kipenyo cha sentimita tatu hivi, kwa hiyo kila faiba inapima mstari mmoja ulionyooka wa 5 cm.

Kuunga si tatizo. Faiba hizi zinaungana na zile za intaneti, na fundi yeyote mwenye mashine ya kuunga faiba za majumbani anaweza kukuungia kiunganishi. Gharama iko kwenye kisomaji cha mwanga. Kama chuo hakina, usianzie hapo.

Filamu nyembamba ni njia nyingine kabisa. Chi-Yuan Lee na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yuan Ze, Taiwan, wamefanya kazi nyingi za kuchora waya wa dhahabu unaojipinda kama kihisi cha joto, na meno ya kitana yanayopishana kama kihisi cha unyevu, juu ya tabaka jembamba la poliimidi au karatasi ya chuma. Ni nyembamba kiasi cha kukaa kati ya karatasi ya kaboni na kichocheo. Lakini zinahitaji chumba safi na mashine za kuweka chuma, na pale zinapolala zinaziba gesi. Platini ukiitumia lazima ifunikwe, maana ikiwa tupu ni kichocheo, na itajipasha joto penye haidrojeni na oksijeni kidogo.

Kama unachotaka ni kuona umeme unatoka wapi kwenye eneo la seli, kuna ubao wa saketi uliogawanywa, njia ambayo maabara ya Los Alamos, Marekani, iliionyesha mwaka 1998. Kwa seli yako ni vipande 25 vya cm² moja, kila kimoja na kipinzani cha 10 mΩ. Kwa 0.8 A unasoma 8 mV. Ukipaka dhahabu ubao unadumu.

MfuatiliaMaji

BambaGrafiti, majibu yako yako wazi. 2.3 ni ile 2.25 ya mfereji mmoja kati ya mitatu kuziba, na kuanguka ghafla ni tone likisukumwa nje. Utando wako haujakauka hata kidogo.

Shusha chupa ya hewa hadi 55 °C. Hesabu ile ile inaonyesha kwamba kwa hapo hewa inafika 100% karibu kabisa na mlango wa kutokea, badala ya katikati. Chupa ya haidrojeni iache 65 ili utando upate maji upande huo. Subiri nusu saa huku unatazama ukinzani. Ukivuka 4.5 mΩ umeshusha kupita kiasi, rudisha digrii mbili na usubiri tena.

Vihisi sasa unajua pa kuviweka. SHT40 moja kwenye kimfuko, 14 cm hivi kutoka mlango wa hewa. Thamokapo tatu za T za maikromita 80 upande wa hewa, moja kwa kila mfereji, zote 30 cm kutoka mlangoni. Mfereji ukiziba, sehemu hiyo inakosa oksijeni, inaacha kuzalisha joto na kupoa, huku majirani wake wakibeba mzigo wake na kupanda. Hiyo ndiyo ishara ambayo bamba la nje haliwezi kukuonyesha, kwa sababu grafiti inasambaza joto na kulisawazisha. Ukiwa na thamokapo moja tu una nafasi moja kati ya tatu ya kuuona mfereji ulioziba.

Presha irekodi mara kumi kwa sekunde. Tone linatoka kwa muda usiofika sekunde moja, na ukirekodi kila sekunde tano utaona mstari unaopanda na kushuka bila kujua nini kilitangulia, presha au volteji.

FundiThamokapo

Moja tu la kuongeza: kaza boti kwa awamu, kwa mtindo wa msalaba, kuanzia 1 N·m na kupanda nusu nusu, na spana ile ile uliyotumia kabla ya kuweka vihisi. Kisha pima ukinzani wa 1 kHz kabla hujavuta umeme. Ukiwa umetoka kwenye 3.4 mΩ na sasa unasoma zaidi ya 3.8, waya umeinua bamba mahali. Fungua na uangalie alama ya waya kwenye karatasi ya kaboni.